Wiketi 800 za Murali na Sifuri ya Afrika Mashariki

Mfanyabiashara wa Butembo anayefuata mali Uganda hupita Beni, akateremka Kasindi, akavuka mto Lubiriha na kutokea Mpondwe. Ng'ambo anakuta watu wa kwao: Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni na Lubero ni ndugu wa lugha moja, waliotenganishwa na mpaka uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji. Mpaka huo uligawa bendera, uligawa ushuru, na uligawa hata michezo. Upande wa Wabelgiji uliota mizizi mpira wa miguu. Upande wa Waingereza, juu ya mpira wa miguu, ulifika mchezo wenye gongo bapa la mti, vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini na mpira mgumu wa ngozi. Ndio kriketi.

Kwa hiyo mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka Butembo bila kuona mechi hata moja ya kriketi, ilhali Kampala, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka mpakani, ina uwanja wake pale Lugogo. Hata hivyo mchezo huu umewazunguka watu wa Kivu. Askari wa kofia za buluu waliotumwa mashariki ya Kongo kutoka India, Pakistani, Bangladesh na Afrika Kusini ni wana wa nchi zinazouenzi kupita kiasi. Na Dubai, ambako wafanyabiashara wa Butembo wamekuwa wakifuata bidhaa kwa miaka mingi, ndiko yaliko makao makuu ya Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, tangu yalipohamishwa kutoka London mwaka 2005.

Katika mchezo huo hakuna hesabu inayoheshimiwa kuliko ile ya wiketi zilizoangushwa kwenye mechi za Test. Kileleni mwa hesabu hiyo yupo mtu mmoja wa Sri Lanka mwenye wiketi 800. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda hazina hata moja. Historia ya warushaji wakuu ni historia ya vidole, mabega na miaka ya jasho. Lakini ni historia ya mlango pia, na ya nani alifunguliwa na nani aliachwa nje.

Kwanza mchezo wenyewe. Timu ni mbili, kila moja watu 11. Mrushaji anakuja mbio au kwa hatua chache, anazungusha mkono juu ya bega na kuuachia mpira uelekee kwa mpigaji, ambaye nyuma yake vimesimama vijiti vitatu vilivyobebeshwa vipande viwili vidogo vya mti. Mpira ukivigonga vijiti, mpigaji ametoka. Akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, ametoka. Ukimgonga mguu uliokuwa umevikinga vijiti, ametoka pia. Kila mara mrushaji anaandikiwa wiketi moja. Mipira 6 hufanya ova moja, na wapigaji nao hukusanya mikimbio kwa kukimbia kutoka ncha moja ya njia hadi nyingine. Wiketi 10 zikianguka, zamu ya timu hiyo imekwisha.

Kriketi ina mitindo mifupi inayomalizika kwa saa chache, lakini Test huchezwa hadi siku 5, na kila timu hupata zamu 2. Hesabu ndipo inapokuwa ngumu: anayetaka kushinda kwa kawaida lazima aangushe wiketi 20. Timu inaweza kulimbikiza mikimbio mia sita. Ikishindwa kuwatoa wapinzani wote, siku ya tano jua linazama na mechi inakuwa sare. Mpigaji huwafurahisha watazamaji, mrushaji ndiye hushinda mechi. Mwingereza Jim Laker alikaribia kuifanya kazi hiyo peke yake mwaka 1956 mjini Manchester, alipoangusha wiketi 19 kati ya 20 za Australia.

Test ya kwanza ilichezwa Melbourne mwezi Machi 1877, kati ya Australia na Uingereza. Kwa miongo mingi mechi zilikuwa chache, wachezaji wakisafiri kwa meli wiki kadhaa kufika kwa mpinzani. Sydney Barnes wa Uingereza, ambaye wengi bado wanamhesabu miongoni mwa warushaji bora wa nyakati zote, alicheza Test 27 tu na kumaliza na wiketi 189. Zake za mwisho alizipata Afrika Kusini katika msimu wa 1913 na 1914: wiketi 49 katika mechi 4, na ya tano hakucheza kabisa.

Nusu karne ilipita kabla mtu hajafika 300. Alikuwa Fred Trueman wa Yorkshire, kijana wa eneo la migodi ya makaa ya mawe, mwenye mwendo wa mbio na ulimi mkali kama mpira wake. Alifika pale tarehe 15 Agosti 1964 mjini London, na alipostaafu alikuwa na 307. Baada yake rekodi ikaanza kuhama kutoka nchi hadi nchi. Lance Gibbs wa Guyana, aliyeichezea West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibiani, aliivunja mwaka 1976 na kuishia 309. Dennis Lillee wa Australia akaisogeza hadi 355. Ian Botham akaichukua tena kwa Waingereza kwa 383. Richard Hadlee wa New Zealand akawa wa kwanza kufika 400, mwaka 1990, na akaacha 431. Kapil Dev wa India akampita mwaka 1994 na kusimama kwenye 434. Courtney Walsh, mrefu wa Jamaika, akampita Kapil mwaka 2000, akawa wa kwanza kugusa 500 mwezi Machi 2001 na kumaliza na 519.

Ukitazama majina hayo unaona jambo: himaya ilipovunjika, rekodi nayo iliondoka mikononi mwa wakoloni. Watu wa visiwa vya sukari na miji ya India wakawa wanawafundisha kazi waliowaletea mchezo.

Kisha wakaja wawili walioibadilisha hesabu yote. Hakuna aliyekuwa na kasi. Wote wawili walikuwa warushaji wa mpira wa kuzunguka, ule unaokuja taratibu hewani, ukigusa ardhi unakata kona.

Shane Warne wa Australia alijitambulisha kwa Waingereza tarehe 4 Juni 1993 mjini Manchester. Mpira wake wa kwanza katika mfululizo wa mechi dhidi yao ulidondoka nje kabisa ya mguu wa mpigaji Mike Gatting, ukakata ukapita mbele ya gongo lake na kugonga kijiti cha upande wa pili. Gatting alibaki amesimama, haamini. Tangu siku ile mpira ule umeitwa mpira wa karne. Warne alikuwa mtu wa vituko, wa sigara na magazeti ya udaku, lakini mpira ulipokuwa kiganjani alikuwa mwalimu. Alistaafu Januari 2007 akiwa na wiketi 708 katika Test 145. Alifariki ghafla Thailand tarehe 4 Machi 2022.

Muttiah Muralitharan, anayeitwa Murali na kila mtu, alitoka Kandy, mji wa milimani wa Sri Lanka, katika familia ya Kitamil yenye kiwanda cha biskuti na peremende. Alikuwa Mtamil katika timu ya Wasinhala wengi, wakati nchi yake iko katika vita vilivyoanza 1983 na kumalizika 2009 kati ya serikali na wapiganaji wa Kitamil. Hakuna Msri Lanka aliyeshangiliwa na pande nyingi kama yeye.

Mkono wake ulimletea matata. Alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kikamilifu, na kifundo chake kilizunguka kwa namna ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Sheria inamkataza mrushaji kukunjua kiwiko wakati wa kurusha, na tarehe 26 Desemba 1995 mjini Melbourne, mwamuzi Darrell Hair aliikataa mipira yake mara kadhaa mbele ya maelfu ya watazamaji. Wataalamu wakampima kwa kamera mara nyingi. Vipimo vikaonyesha kwamba karibu warushaji wote, hata wale ambao hakuna aliyewahi kuwashuku, hukunjua kiwiko kidogo bila kujua. ICC ikaweka kikomo cha nyuzi 15 kwa kila mtu.

Mwezi Julai 2010 Murali alitangaza kwamba mechi dhidi ya India mjini Galle itakuwa Test yake ya mwisho. Alikuwa na 792. Yaani alijipa mechi moja ya kupata 8. Alipata 5 katika zamu ya kwanza na 2 katika ya pili, kisha zikabaki wiketi chache za India, na wenzake wakawa wanaziangusha badala yake. Ikabaki moja. Tarehe 22 Julai Pragyan Ojha aliugusa mpira wake, Mahela Jayawardene akaudaka, na 800 ikatimia kwa mpira wa mwisho kabisa aliourusha katika Test. Alizipata katika mechi 133.

Aliyewakaribia zaidi baadaye ni James Anderson wa Uingereza, mrushaji wa kasi aliyecheza kutoka 2003 hadi Julai 2024 na kuacha 704 katika Test 188. Nyuma yake wapo Anil Kumble wa India mwenye 619 na Stuart Broad wa Uingereza mwenye 604.

Afrika iko wapi katika orodha hii? Iko, lakini kwa muda mrefu ilipita kwenye mlango wenye mlinzi. Mwaka 1894 Afrika Kusini ilipopeleka timu Uingereza, Krom Hendricks, mrushaji wa kasi wa Cape Town aliyeogopwa na wapigaji, aliachwa nyumbani kwa sababu ya rangi yake. Ubaguzi huo ukageuka kuwa desturi, kisha sheria, na mwishowe dunia ikaitenga Afrika Kusini kuanzia 1970. Adhabu hiyo ilimkata hata mzungu Mike Procter: wiketi 41 katika Test 7, na hakucheza nyingine tena.

Nchi iliporudi kwenye Test mwaka 1992, ilichukua miaka mingine 6 kabla ya Mwafrika mweusi kuvaa kofia yake. Alikuwa Makhaya Ntini, kijana aliyechunga ng'ombe kijijini Mdingi, katika jimbo la Eastern Cape. Alianza Machi 1998, zaidi ya karne moja baada ya Hendricks kuachwa bandarini, na akamaliza na wiketi 390 katika Test 101. Mwaka 2005, Trinidad, aliangusha 13 kwa mikimbio 132 katika mechi moja. Dale Steyn, mwenzake, ndiye Mwafrika Kusini mwenye nyingi zaidi, 439. Kagiso Rabada alifikisha 300 mwezi Oktoba 2024 kwa mipira michache kuliko mrushaji yeyote kabla yake.

Zimbabwe iliingia Test mwaka 1992. Humo akatokea Henry Olonga, mzaliwa wa Lusaka, mwana wa baba Mkenya, mchezaji wa kwanza mweusi wa nchi hiyo katika Test. Aliangusha wiketi 68 katika mechi 30. Hata hivyo anakumbukwa zaidi kwa kitambaa cheusi ambacho yeye na Andy Flower walikifunga mkononi tarehe 10 Februari 2003 mjini Harare, kuomboleza kifo cha demokrasia katika nchi yao. Ilimlazimu kuihama Zimbabwe.

Nairobi nayo imewahi kutoa wiketi za Test, ila kwa bendera ya wengine. Derek Pringle alizaliwa huko mwaka 1958, akaichezea Uingereza Test 30 na kupata wiketi 70. Baba yake, Don Pringle, alikuwa mrushaji wa timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, Uingereza, Juni 1975. Miezi michache baadaye alifariki katika ajali ya gari Nairobi.

Safari ile ya 1975 Mkongo ataielewa upesi. Mwaka mmoja kabla, Léopards wa Zaire walikwenda Kombe la Dunia la mpira wa miguu Ujerumani, wakafungwa mechi zote tatu, ikiwemo ile ya 9 kwa 0 na Yugoslavia. Timu ya Afrika Mashariki, iliyokusanywa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wengi wao Wahindi wenye maduka na kazi za ofisini, nayo ilipoteza tatu kati ya tatu. Mjini Leeds walikutana na Bishan Bedi wa India, mwenye kilemba, mrushaji wa mzunguko ambaye baadaye alifika wiketi 266 za Test. Bedi alirusha ova 12, yaani mipira 72, na wapigaji wa Afrika Mashariki wakaambulia mikimbio 6. Ova 8 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Katika timu hiyo alikuwemo mwandishi John Nagenda wa Uganda, mzaliwa wa Gahini, Rwanda, ambaye aliondoka na wiketi moja ya New Zealand.

Wakenya ndio waliousogelea mlango kuliko wote. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, walitolewa wote kwa mikimbio 166 na West Indies, timu iliyokuwa na Walsh na Curtly Ambrose, wenye wiketi zaidi ya 900 za Test kwa pamoja hadi walipostaafu. Kisha Rajab Ali na nahodha Maurice Odumbe wakachukua wiketi 3 kila mmoja, na West Indies wakaanguka kwa 93. Ulimwengu wa kriketi ulihangaika kutafuta Kenya iko wapi kwenye ramani.

Mwezi Juni 2000 ICC ikaipa Bangladesh hadhi ya Test, yaani ruhusa ya kucheza mechi hizo. Kenya, iliyokuwa imeifunga Bangladesh mara kadhaa, ikabaki nje. Bangladesh ilikuwa na watu zaidi ya milioni mia moja wanaokesha kwa ajili ya kriketi, viwanja na televisheni. Kenya ilikuwa na wachezaji wazuri wachache waliotoka katika klabu chache za Nairobi na Mombasa.

Jibu la Wakenya lilikuja uwanjani. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Gymkhana Nairobi, walikutana na Sri Lanka kwenye Kombe la Dunia. Murali mwenyewe alikuwepo, na alichukua wiketi 4 kwa mikimbio 28. Kenya ikafika 210. Halafu mpira wakampa Collins Obuya, kijana mwenye mzunguko wa kifundo cha mkono kama wa Warne, naye akachukua 5 kwa 24. Sri Lanka wakatoka kwa 157. Siku hiyo, mbele ya mtu ambaye angekuja kuwa mrushaji mwenye wiketi nyingi kuliko wote duniani, mrushaji bora alikuwa Mkenya.

Kenya ilifika nusu fainali, nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya Test kufika pale. Njiani, tarehe 15 Machi mjini Durban, ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia. Warne hakuwepo: alikuwa amerudishwa nyumbani mwezi uliotangulia kwa kutumia dawa iliyokatazwa. Aliyeonyesha ufundi wa mzunguko siku hiyo ni Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, umri wa miaka 39, wakala wa bima aliyekwisha kustaafu kriketi mwaka 1999 na aliyewahi pia kuiwakilisha Kenya katika tenisi ya Davis Cup. Australia ilikuwa inakimbilia ushindi mwepesi. Karim akamtoa Ricky Ponting, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Aliporudisha mpira kwa mara ya mwisho alikuwa amerusha ova 8 na mipira 2, ova 6 bila mkimbio, wiketi 3 kwa mikimbio 7. Australia ilishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim.

Baada ya hapo nyumba ya Kenya ikaungua kutoka ndani. Wachezaji waligombana na viongozi juu ya malipo hadi wakagoma. Odumbe alifungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa uhusiano na mchezesha kamari. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Karim na Obuya hawakurusha mpira hata mmoja wa Test.

Sasa zamu ni ya majirani wa karibu zaidi na Kivu. Mwezi Novemba 2023 Uganda iliifunga Zimbabwe, nchi ya Test, na kufuzu Kombe la Dunia la 2024 la mtindo mfupi uitwao T20. Nchini Guyana, Juni 2024, ilipata ushindi wake wa kwanza katika Kombe hilo dhidi ya Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova 4 kwa mikimbio 4 tu na wiketi 2. Alikuwa ameanza mwaka 1997 akiwa kijana wa miaka 16. Rwanda nayo, iliyopokea kriketi hasa kutoka kwa wakimbizi waliorejea kutoka Uganda na Kenya baada ya 1994, ilifungua uwanja wa Gahanga, Kigali, mwaka 2017. Januari 2023, katika Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 19, Henriette Ishimwe aliwatoa Wazimbabwe 4 kwa mipira 4 mfululizo.

Tarehe 22 Juni 2017 ICC ilifungua mlango kwa mara ya mwisho hadi sasa, ikaziingiza Ireland na Afghanistan. Wanachama wa Test wakawa 12. Kutoka Afrika ni Afrika Kusini na Zimbabwe peke yake.